Mashine ya Selemani Inakufa Akisimama

Nachingwea, Alhamisi, Novemba 1989

Joto la leo si la kawaida. Mvua inatishia upande wa Ruangwa halafu inaghairi, na jenereta imenguruma nyuma ya ofisi kutwa nzima. Nina hasira, na sijui nimkasirikie nani.

Wiki nzima nimekuwa namshuku Selemani.

Selemani ni mtunza ghala wetu. Anapokea korosho za Chiola na Mkotokuyana, anapima magunia, anaingiza uzito kwenye kompyuta. Mimi nimehamishiwa huku kutoka Bukoba kuja kuitunza hiyo kompyuta, na nakiri kwamba tangu nifike sijamwamini mtu hata mmoja, kuanzia mpishi wa ofisi hadi meneja.

Kompyuta ni moja, vyumba ni viwili. Ndani yake kuna programu tunayoiita msimamizi, inayoigawa ile moja ionekane mbili. Chumba cha Selemani kinaamini kina mashine yake, na changu vivyo hivyo. Kila upande una mfumo wake wa uendeshaji, na kila mfumo una kiini chake, ambacho ndicho kinachogawa kumbukumbu na kupokea vitufe vinavyobonyezwa. Kiini hakijui kwamba kinaishi ndani ya kitu kingine. Msimamizi akikiambia jambo, kinaamini. Kwa tabia yangu mimi, nisingeweza kuishi humo hata nusu siku.

Basi kiini cha upande wa Selemani kinakufa ovyo. Changu hakifi. Kikifa, uzito wote alioingiza asubuhi unapotea, na magunia ya ghalani hayalingani tena na ya kwenye mashine. Meneja ameshaanza kutamka neno hujuma. Aliniambia anataka jibu langu leo kabla ya kufunga ofisi: ni mashine, au ni mtu? Siku hizi neno hilo linatosha kumlaza mtu rumande, na Selemani ana mke na watoto Ruangwa.

Nilitaka iwe mashine. Kweli nilitaka. Lakini Jumatatu nilimwondoa msimamizi, nikauacha mfumo wa Selemani uendeshe kompyuta peke yake, nikakalia kiti chake mimi mwenyewe. Haukufa. Jumanne asubuhi nikamrudisha msimamizi, nikakaa tena mimi. Haukufa. Mchana akakaa yeye, ukafa.

Ungekuwa wewe ungemshuku nani?

Nikaanza kumchungulia. Napita nje ya dirisha lake nikijifanya natafuta kivuli, jicho liko kwenye mikono yake. Kila alichofanya kilinitia wasiwasi. Anacheka mno, nikajiuliza anacheka nini. Anaongea Kimwera na wakulima, anashusha sauti, na kwa kuwa sielewi hata neno moja nikaamua wanazungumzia magunia. Hata chai aliyonikaribisha niliinusa kwanza.

Leo asubuhi nikaona.

Alifika mkulima mmoja mtu mzima kutoka Mbwemkuru. Selemani alikuwa ameshaiagiza mashine ijumlishe uzito, kazi inayochukua muda wake. Huku mgeni hasalimiwi kwa kuinuliwa kidevu nyuma ya meza. Unainuka, unamfuata mlangoni, mnaulizana habari za nyumbani mpaka ziishe. Kabla ya kuinuka, Selemani akafunika vitufe kwa kitambaa alichokifuma mkewe, maana vumbi la barabarani linaingia kama kwake. Halafu, ili feni isikipeperushe, akaweka juu yake lile kufuli kubwa la ghala.

Habari za nyumbani zilikuwa hazijafika kwa wajukuu, mashine ikafa.

Nilingoja aende kuswali adhuhuri. Nikaingia chumbani kwake, nikaagiza jumla, nikatandika kitambaa, nikaweka kufuli. Lilikaa barabara juu ya kile kitufe kirefu cha kuachia nafasi, ambacho hakiandiki kitu cha kuonekana, likawa linakibonyeza mfululizo bila kukiachia. Mashine ikafa. Nikamwondoa msimamizi, nikarudia vilevile. Safari hii ilipiga kelele, ikavikataa vitufe vilivyozidi, ikamaliza kujumlisha salama.

Kumbe mfumo ukiwa peke yake unajua kusema basi. Msimamizi hajui. Anapokea kila kitufe, anaviweka akiba huku anahudumia chumba changu, kisha anavimwaga vyote kwa mkupuo juu ya kiini kilicho katikati ya hesabu. Kiini kinazidiwa, kinaanguka. Na mimi nilipokalia kile kiti sikuona lolote, kwa sababu sijawahi kufunika vitufe wala kuinuka kwa ajili ya mgeni. Wageni wangu nawasalimia nimekaa.

Nilimwita meneja aje aone kwa macho yake. Aliitazama ikifa, akaitazama tena, akaniuliza kama nina hakika. Nikasema ninayo. Akasema basi kufuli litundikwe msumarini, na neno lile hakulitamka tena. Nilifurahi.

Selemani aliporudi nilimweleza yote, nikingoja acheke kama kawaida yake. Hakucheka. Alichukua kufuli, akakikunja kitambaa polepole, akakitia kwenye mfuko wake wa kwenda nyumbani.

“Dada Koku,” akasema, “nimekuona dirishani tangu Jumanne. Nikasema moyoni, huyu ataingia aniulize. Hukuingia.”

Nikasema pole, kwa sauti ndogo, naye akasema ahsante kwa adabu ile ile anayomwonyesha kila mtu. Ningependa zaidi angenifokea.

Nimekaa hapa barazani, jenereta imezimwa, na sioni raha ya kushinda. Wiki nzima nilikuwa namkagua mtu aliyekuwa anaelewa kabisa kwamba anakaguliwa, na bado alinitilia chai.

Kesho sipiti dirishani. Nitakwenda mlangoni kwake, nipige hodi kama watu wengine.

Je, atainuka?