Nilipima Duara la Hadubini kwa Rula Iliyopungua

Mpendwa Mshauri,

Naomba msaada wako, na kama msaada wa wiki hii umekwisha basi naomba angalau usiicheke barua yangu mbele za watu, maana mimi ni binti wa miaka kumi na sita, shuleni tunasoma kwa lugha moja na nyumbani tunaongea nyingine, na haya naona kwa zote mbili. Hata barua hii nimeiandika mara nne, na ile ya kwanza niliomba ushauri wa chunusi kwa sababu nilishindwa kuanza.

Mama yangu ni mpimaji katika maabara ya zahanati, kazi yake ni kuangalia maji ya visima na matangi kabla watu hawajaruhusiwa kuyanywa. Mwaka jana hadubini ya maabara iliharibika, wakaahidiwa nyingine, wakaahidiwa tena, mwisho mjomba wangu ambaye ni fundi wa kamera akasema ataunda ya kwake, na kweli akaunda, kwa lenzi za kamera zilizokufa, taa ya buluu, kipande cha kioo cha rangi ya machungwa cha kuzuia ule ubuluu usifike jichoni, na bomba la plastiki alilolipaka rangi nyeusi kwa ndani. Mama huchuja maji kwenye kikaratasi chembamba, anakidondoshea dawa ya rangi, anakiweka chini ya taa ile, na vijidudu vyote vinawaka kijani gizani, hata vile ambavyo ungependa visiwepo. Mara ya kwanza kuchungulia nilisahau kupumua.

Sasa shida ni kwamba hadubini ya dukani huja na vipimo vyake, ya mjomba ilikuja na mjomba. Ukichungulia unaona duara, lakini hakuna aliyejua duara lile lina upana gani, na bila kujua upana huwezi kujua umeangalia sehemu kubwa kiasi gani ya kikaratasi, na mama huhesabu vijidudu vya maduara thelathini tu, halafu kwa hesabu anapata vya kikaratasi kizima. Mjomba akasema apewe mpwa wake apime, si ana tisini na moja ya hesabu. Mama akaniangalia kama anavyoangalia sampuli, akasema haya.

Kazi yenyewe ni rahisi kuisema, unaweka rula chini ya lenzi unahesabu milimita ngapi zinaingia kwenye duara. Lakini rula ya chuma haiwaki, na kwa ile taa ya buluu na kile kioo cha machungwa huoni kitu, giza tupu kama umefumba macho. Nikakaa siku mbili nafikiri peke yangu, kwa sababu kuuliza ni kuongea. Siku ya tatu nikaenda steshenari na rula yangu, wakanitolea kopi yake kwenye karatasi ya plastiki, ile unayoona hadi ng'ambo, nikaipaka yote kwa kalamu nene ya njano, ile ya kupitishia juu ya maandishi muhimu, maana nilijua wino wake unawaka ukipigwa na mwanga wa buluu. Plastiki ikawaka kijani, mistari ikabaki myeusi, mmoja ukagusa ukingo huu wa duara, wa pili ukapita katikati, wa tatu ukagusa ukingo ule. Milimita mbili kamili. Nilihesabu mara tano. Mjomba alifurahi mpaka akachukua rangi ya kucha ya mama, nyekundu, akaandika 2.0 ubavuni mwa hadubini, na mama, ambaye mara ya mwisho kunisifu ni nilipofunga bomba la jikoni lililokuwa linavuja, alinishika bega. Halafu akaenda kazini akawaambia wote kwamba aliyepima ni binti yake.

Hapo ningeishia ingekuwa barua nzuri, lakini pale maabara kuna kijana mmoja wanamwita Polepole, kwa sababu anahesabu taratibu huku kidole kikimfuata hewani, na ukimsalimia anaanza upya. Mwezi uliopita mama alihesabu maji ya kisima kipya cha bweni la shule yetu akapata arobaini na sita. Kwenye daftari lao kikomo ni hamsini, ikizidi kisima kinabaki na kufuli mpaka kisafishwe, kwa hiyo mama akakisainia. Polepole alikuwa amechukua maji yaleyale siku ileile akaomba maabara ya mji wa pili wampimie, wakampa hamsini na tatu. Akamwonyesha mama kwa adabu. Mimi nilikuwepo, nilikuwa nimempelekea mama ufunguo aliousahau.

Polepole akasema, "Dada, tuhesabu tena pamoja. Labda duara letu lina tatizo."

Mama akasema, "Duara kalipima mwanangu, mstari kwa mstari. Wewe na wenzako mmehesabu vumbi."

Watu wakacheka, si sana, lakini kwa mtu mpole inatosha. Tangu siku hiyo Polepole haruhusiwi kugusa hadubini, kazi yake ni kuosha vioo. Mimi niliondoka na ufunguo mkononi, nikasahau hata kuutoa.

Jumapili hii nilikuwa nafanya kazi ya jiometri, na ile plastiki nimeigeuza alama ya kitabu, ikadondoka kando ya rula ya chuma. Zikalala sambamba. Sentimita kumi ya plastiki iliishia kwenye tisa nukta nne ya chuma. Nikazisogeza, nikazigeuza, nikafuta miwani, bado tisa nukta nne. Nikakimbia steshenari, mwenye duka akaniambia mashine yake hupunguza picha kidogo ili pembeni pasikatwe, ndivyo ilivyo tangu ainunue na hakuna aliyewahi kulalamika. Nikamshukuru, sijui kwa nini.

Nikapiga hesabu. Milimita mbili zangu kumbe ni moja nukta nane nane. Nikajifariji kwamba ni sita tu kwa mia, lakini mama hatumii upana, anatumia eneo, na kwenye eneo kosa linaingia mara mbili, hivyo arobaini na sita yake inakuwa hamsini na mbili. Polepole hakuhesabu vumbi. Kisima kinafunguliwa Jumatatu ijayo shule ikifunguliwa, na marafiki zangu wawili wanalala bweni lile, yaani marafiki zangu wote.

Mpango wangu ni huu. Mama akiingia kuoga, nifute ile 2.0 kwa dawa ya kutolea rangi ya kucha, niandike 1.88 kwa rangi ileile na kwa mwandiko wa mjomba, ili kuanzia hapo hesabu zote ziwe sawa na asiaibike mtu. Kuhusu kisima nitamwandikia mwalimu mkuu barua isiyo na jina. Kuhusu Polepole sijapata mpango. Mama huileta hadubini nyumbani mwisho wa wiki mjomba aisafishe lenzi, na jana ilikuwa mezani, nilifika mpaka kushika chupa ya ile dawa, nikairudisha. Ijumaa italetwa tena. Mshauri, nifanye hivyo? Mama akijua, hatanishika bega tena mpaka nizeeke. Tena yeye husoma ukurasa wako kila Alhamisi, anauanza kabla hata ya habari za nchi, kwa hiyo tafadhali badilisha mambo asinitambue.

Wako,
Mpimaji, kidato cha tatu


MSHAURI ANAJIBU

Mpimaji,

Nianze na ombi lako la mwisho. Nilijaribu kubadilisha mambo. Nikamfanya mama yako mwashi na hadubini nikaifanya toroli, barua ikawa haieleweki. Na hadubini zenye namba ya rangi ya kucha si nyingi. Kwa hiyo nimeiacha barua yako kama ilivyo, na nadhani ulijua nitaiacha. Mtu anayetaka kumficha mama yake hapeleki siri yake kwenye ukurasa ambao mama huyo anauanza kabla ya habari za nchi.

Sasa nikupe haki yako. Kupaka wino wa njano juu ya plastiki ili rula iwake gizani ni akili, na ningekuwa na binti aliyewaza hivyo ningewachosha majirani. Mashine kupunguza picha si kosa lako. Kosa lako la kwanza ni kwamba kitu kibovu ulikihesabu mara tano badala ya kukipima mara moja. Chombo cha kupimia hupimwa kwanza chenyewe. Wengine hulijua hilo wakiwa na wajukuu, wewe umelijua mapema, shukuru. La pili ni zile siku mbili ulizokaa kimya. Mjomba wako angetoa kile kioo cha machungwa kwa dakika moja, akamulika rula ya chuma kwa tochi ya kawaida, na duara lingekuwa lilelile, upana uleule. Angekuambia siku ya kwanza. Hukumuuliza. Aibu yako ndiyo iliyokupeleka steshenari, binti yangu, usiisingizie mashine.

Lakini hayo yote ni ya kabla ya Jumapili. Tangu Jumapili huna wa kumsingizia.

Chupa iache. Ukiibadilisha namba kimya kimya, hadubini itasema kweli na daftari litabaki na uongo, na hakuna atakayejua uongo umeishia ukurasa upi na kweli imeanzia upi. Siku moja mtu atalifungua daftari lile aone visima vyote vya zahanati vimechafuka wiki moja, atafute mzoga usiokuwepo. Barua isiyo na jina nayo ichane. Kisima kile kimeruhusiwa kwa saini ya mama yako, na kitafungwa kwa saini ya mama yako, si kwa karatasi iliyopenyezwa chini ya mlango wa mwalimu.

Na kuna kilichonikasirisha kweli. Namba umeipangia chupa, kisima umekipangia barua, mtu ukasema hujapata mpango. Mtu aliyekuwa sahihi, aliyesema kwa adabu, sasa anasugua vioo kwa sababu ya plastiki unayoweka kitabuni. Ulikuwepo alipochekwa. Hukujua wakati ule, sawa. Sasa unajua, na kila asubuhi akivaa glavu ni wewe umemvalisha.

Unaogopa mkono utaondoka begani. Utaondoka, ndiyo, pengine mpaka jioni. Mama yako huishi kwa kuangalia vitu ambavyo watu wangependa visiwepo, umesema mwenyewe. Atakasirika, kisha atahesabu upya, kwa sababu ndiyo kazi yake. Asichoweza kusamehe mpimaji ni kuletewa namba nzuri na mtu anayejua kuwa si ya kweli.

Fanya hivi. Leo ni Alhamisi, kesho zahanati iko wazi, Jumatatu watoto watachota. Una jioni moja. Chukua plastiki na rula ya chuma, uziweke mezani mbele yake, sifuri juu ya sifuri, halafu unyamaze, kunyamaza unaweza. Macho yake yatafika kwenye tisa nukta nne yenyewe. Kisha utasema sentensi moja, kwa lugha yoyote kati ya hizo mbili: "Mama, Polepole alikuwa sahihi." Rula haiwezi kukusemea hiyo. Na kesho uende naye maabara ukaiseme tena mbele ya wale waliocheka, kwa sauti ya kumfikia mtu aliye kwenye sinki. Mjomba wako naye apime upya kwa tochi na rula ya chuma, Polepole akiwa pembeni, hata kama itachukua siku nzima. Msimsalimie akiwa katikati.

Barua yako ilinifikia Jumatatu jioni, nikamsogeza kando bwana mmoja ambaye mchumba wake hapokei simu. Yeye anaweza kusubiri. Kisima hakiwezi.

Na wewe dada yangu unayeanza na ukurasa huu, nadhani miwani umeshaivua. La kumwomba radhi kijana wa watu nakuachia mwenyewe, wewe ni mtu mzima. Kwa sasa shusha gazeti. Binti yako amesimama mlangoni na rula mbili mkononi, hajui aanze wapi. Anzieni kwenye sifuri.