Makoti Mia na Ishirini, Mikono Yote ya Kushoto

Mpendwa shangazi mshauri, naomba msaada, na naomba uje haraka kwa sababu Jumatatu si mbali. Mimi ni fundi mkataji katika karakana ya kushona nguo za kazi, mwaka huu natimiza miaka kumi na tisa nikisimama kwenye meza ileile, na sijisifu nikisema hakuna mtu pale ambaye mkasi wake unaupita wangu, hata tajiri mwenye karakana akipata mgeni huniita nimwonyeshe jinsi kitambaa kinavyokatwa tabaka sitini kwa mpigo bila hata moja kupinda. Kwa hiyo usidhani anayekuandikia ni mtu asiyejua kazi, maana ubaya wenyewe ndio huo, kwamba ninaijua.

Miezi mitano iliyopita tuliletewa msimamizi mpya, dada mdogo tu, katokea kwenye kazi za ofisini na hajawahi kushika mkasi, ila siku ya kwanza alikuja na tepu ya kupimia shingoni na mpaka leo haijatoka shingoni, ndiyo maana tunamwita Bi Tepu, ingawa tangu aje sijamwona akipima chochote isipokuwa muda wetu wa chai. Ni mkali, shangazi, na ukali wake hautaki faragha, anautoa hadharani kila mtu apate wa kwake. Mwezi wake wa pili nilimwambia kwa heshima zote, "Bosi, kitambaa hiki ndiyo kwanza kimetoka kwenye jora, tukiache kipumzike mpaka kesho, tukikata leo kitajikunja," akanijibu karakana nzima ikisikia, "Mama, wewe unalipwa kukata, hulipwi kufikiri." Wasichana wa cherehani wakainamisha vichwa, mpiga pasi akajifanya anatafuta maji ya kunyunyizia, na mimi nikashika mkasi nikakata. Kesho yake tukakuta karatasi ukutani, herufi kubwa: FANYA KAMA ULIVYOAMBIWA.

Sasa kisa chenyewe. Jumatatu hii tulikuwa na makoti mia na ishirini ya wahudumu wa kliniki, na kitambaa chake kina uso na mgongo, upande mmoja unang'aa na mwingine umefifia, kwa hiyo ukikitandika uso juu tabaka zote, pateni ya mkono, yaani ile karatasi ngumu tunayoizungushia chaki, unaichora mara moja kisha unaigeuza ndipo unachora tena, ili huku utoke mkono wa kulia na huku wa kushoto. Hilo hata binti yangu wa shule ya msingi analijua. Bi Tepu siku hiyo akasema mimi napoteza kitambaa, atapanga mwenyewe, akazipanga pateni zote nne za mkono juu ya tabaka sitini zikitazama upande mmoja, zimebanana vizuri kabisa, na kitambaa kweli aliokoa. Nikasema, "Bosi, hiyo mikono..." Akasema, "Kata." Nikasema, "Ni kwamba..." Akanyoosha kidole kwenye karatasi ya ukutani. Nikaitazama karatasi, nikazitazama pateni, na shangazi sitakuficha, kuna utamu ulinipanda mpaka masikioni. Nikawasha mashine ya kukatia. Mikono mia mbili na arobaini, yote ya kushoto.

Nikaifunga mafungu, nikaisukuma chini ya meza, na wasichana wakaendelea kushona viwiliwili na kola bila kujua lolote, maana mikono inaunganishwa Jumatatu ijayo. Pale kazini niliyemwambia ni mpiga pasi tu, naye kwa kuwa hana haya alivaa mikono miwili akatembea nayo kwenye chumba chake, kiwiko kimoja kinatazama mbele kingine kinatazama nyuma, akitangaza kwa ile sauti yake ya redio, "Wagonjwa jipangeni, daktari anakuja huku anaondoka." Nilicheka siku mbili. Baba watoto, ambaye ni fundi bomba, nilipomsimulia alisema, "Mke wangu, bomba likipasuka lenyewe hakuna anayemuuliza fundi. Kaa kimya." Na utamu zaidi ni kwamba mwezi uliopita, aproni zilipochelewa, tajiri alitamka mbele yetu sote kwamba kosa moja tu kubwa tena na Bi Tepu atatafuta kazi kwingine, kwa hiyo mimi nilishaanza kuchagua hata nguo ya kuvaa hiyo Jumatatu.

Leo Jumatano mchana nimeingia stoo kuchukua chaki na nimemkuta amekaa juu ya jora, tepu imetoka shingoni kwa mara ya kwanza, ana gazeti la zamani na mkasi mdogo, anakata mikono ya koti kwa karatasi na kujaribu kuiunganisha kwa pini, midomo inatembea kama mtoto anayekariri. Aliponiona akaficha vyote mgongoni, akasema anatafuta risiti. Mkono mmoja wa karatasi ukaniangukia miguuni. Umekatwa vizuri, shangazi, kwa mtu anayejifunza peke yake, ila ni wa kushoto. Nikauokota nikampa, akasema, "Asante, mama," polepole, na toka hapo chakula hakishuki.

Nikakumbuka pia kitu kidogo, kwamba siku yake ya kwanza aliuliza pateni ni nini na mimi nikamjibu ni aina ya keki, karakana nzima ikaangua kicheko, lakini ule ulikuwa utani tu na hauhusiani na jambo hili.

Sasa nifanyeje? Nikimwambia, ataniuliza kwa nini nilikata huku nimeona, na tajiri akisikia huenda tukaondoka wote wawili. Nikinyamaza, Jumatatu anafukuzwa, na nilichokuwa nakisubiri kwa hamu sasa nakiogopa. Stoo kuna jora zima la kitambaa hichohicho, limewekwa kwa oda ya pili ya kliniki ileile, makoti mengine mia na ishirini mwezi ujao, saizi ileile moja ya kulegea, lakini sijui linasaidia nini, nalitaja tu.

Tafadhali iandike barua hii kama ilivyo, usipunguze neno, ila jina langu usilitaje. Ukurasa wako tunausoma kila Jumamosi kwenye chai ya saa nne, mpiga pasi ndiye msomaji wetu, na Bi Tepu husikiliza akijifanya anahesabu vifungo.

Ni mimi,
Fundi Mkasi

* * *

Fundi Mkasi,

Nimecheka, na nilipomaliza kucheka nikakasirika, kwa hiyo vumilia.

Nianze na haki yako. Mtu aliyesimama kwenye meza moja miaka kumi na tisa, kuambiwa hadharani kwamba halipwi kufikiri, hilo ni tusi, na nakuonea uchungu kana kwamba nilikuwepo. Ulimpa ushauri mzuri kwa adabu, akakulipa aibu. Msimamizi anayekataza maswali asishangae siku akiletewa alichoagiza, na koti lenye mikono miwili ya kushoto ndicho alichoagiza.

Haya, umeshapozwa, sasa kaa sawa. Unasema ulifanya kama ulivyoambiwa. Mwanangu, mtiifu hasikii utamu masikioni. Ulijua, ukaona, ukawasha mashine, na uliyetaka kumkomoa ni mmoja, ila waliokaa katikati ni wasichana wa cherehani watakaofumua siku nzima na wahudumu mia na ishirini ambao hawajawahi hata kukuona. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Juzi ulipouona umemwelekea mtu aliyekaa juu ya jora na gazeti lake, ndipo chakula kikakataa kushuka. Nashukuru kimekataa. Kingeshuka, barua yako ningeitupa.

Mumeo mwambie nampa pole kwa mfano wake. Bomba hili halikupasuka lenyewe.

Na lile jambo dogo ulilosema halihusiani, ndilo nililolipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Mtu anaingia mahali pageni, anauliza swali lake la kwanza, na fundi ambaye wote wanamtazama kujua wacheke au wanyamaze anamjibu keki. Unadhani swali la pili alimuuliza nani? Alilipeleka stoo, akamuuliza gazeti, na natumaini hakukata ukurasa wangu. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na ni kweli, Bi Tepu amekosea kujificha nyuma ya ukali. Lakini ile karatasi ya ukutani, yeye aliibandika, gundi mlimpa nyinyi.

Sasa kazi. Nilivuka barabara nikamuuliza fundi cherehani aliye mkabala na ofisi yetu. Akavua miwani, akacheka mpaka akafuta machozi kwa kipande cha bitana, kisha akaniambia, "Shangazi, hapo hakijaharibika kitambaa hata upana wa kidole. Wakate mikono ya kulia mia na ishirini kwenye lile jora, makoti yatoke. Ya kushoto iliyobaki wahifadhi. Mwezi ujao wanakata ya kulia tu." Nikamwambia anayeuliza ni mkataji wa miaka kumi na tisa. Akavaa miwani. "Basi huyo anajua," akasema, "hajakuuliza kitambaa." Nami nakuambia hivyohivyo. Fundi hataji jora zima bure mwishoni mwa barua. Dawa ulikuwa nayo toka Jumatatu. Ulichokosa ni miguu ya kuipeleka.

Utakwenda kwake peke yako, na mikono miwili mkononi, kabla mtu mwingine hajafika mezani. Usianze na "nilikuambia", kwa sababu hukumwambia, ulianza kumwambia ukaishia njiani kwa furaha. Sema hivi: "Bosi, mikono yote ni ya kushoto. Niliona kabla sijakata, nikakata kwa hasira. Nimekuja tuitengeneze." Kisha funga mdomo. Akifoka, mwache afoke, hii moja umeistahili. Akimaliza, mpeleke kwenye jora, mpe chaki, na ile pateni aigeuze yeye kwa mikono yake. Ule mkono wa kwanza wa kulia auchore yeye, wewe simama pembeni na usirekebishe mstari ila ukienda kombo kabisa. Hiyo ndiyo samahani ya keki, na haihitaji hotuba.

Tajiri mwambieni wenyewe, mkiwa wawili, kila mmoja akisema kipande chake na si cha mwenzake. Huenda akawaka. Lakini watu wawili wanaoleta kosa pamoja na dawa yake hawafukuziki kirahisi kama mmoja anayekutwa nalo Jumatatu. Mkishatoka hapo, ndipo udai haki yako, kwa sauti ya kawaida: kabla mashine haijawaka, upewe dakika moja ya kusema unachokiona, na ukikosea uambiwe pembeni. Akikudhalilisha tena mbele za watu, mfuate ofisini siku hiyohiyo umweleze kwamba hapana, hilo hulikubali. Heshima haimaanishi kuinamisha kichwa, na kumnyamazia mtu akitumbukia shimoni si upole.

Limebaki moja, na hapa ndipo nilipokushika. Umeniomba nisipunguze neno, nikalitii neno lako. Jina sikulitaja. Lakini niambie, duniani kuna karakana ngapi zenye makoti ya kliniki mia na ishirini, mikono yote ya kushoto, na mpiga pasi mwenye sauti ya redio? Mtu anayepima mara mbili kabla ya kukata hakulisahau hilo. Ulitaka gazeti likusemee ili wewe uendelee kutazama chini. Mimi ni mshauri, si simu ya kutumia salamu.

Ningeweza kuichelewesha wiki moja, lakini Jumatatu cherehani zinaunganisha. Kwa hiyo hesabu nami. Gazeti hili linafika mitaani saa moja asubuhi, chai yenu ni saa nne. Una saa tatu. Ukimwambia Bi Tepu kabla, saa nne atayasikia haya akiwa anajua kila kitu, na huenda akacheka kuliko nyote. Usipomwambia, atayasikia kutoka kwa mpiga pasi, vifungo mkononi, mbele ya kila mtu, na utakuwa umemfanyia lile lile alilokufanyia wewe.

Bi Tepu, nawe kama unanisikiliza, weka vifungo chini. Swali lako la siku ya kwanza lilikuwa swali zuri. Liulize tena, safari hii utajibiwa. Na ile karatasi ya ukutani, geuza mgongo wake, inafaa kuchorea pateni.

Na kama chai imeshamiminwa, na Fundi Mkasi bado amekaa anatazama kikombe chake, basi wewe mpiga pasi, ishia hapo. Sogeza kiti umpishe apite kwa Bi Tepu.