Ukurasa Mweupe wa Bi Hidaya

Mwalimu wangu Bi Hidaya,

Najua barua haikufikii huko uliko. Kinachokufikia ni dua, na dua nakuombea kila baada ya sala, sijasahau hata siku moja. Haya mengine ni ya darasa, na sina mwengine wa kumwambia atakayecheka pale panapochekesha na kunigombeza pale ninapostahili.

Darasa lipo. Bado ni chumba chako cha mbele hapa Mtambile, na wanao wamekataa katakata kukikodisha. Ile kompyuta iliyokuwa ikinguruma kama mashine ya kusaga ilikata roho wiki mbili baada yako. Wanafunzi wanasema imekufuata, Mungu atusamehe.

Nafundisha kama ulivyonifundisha, karatasi kwanza. Mwanafunzi hagusi kompyuta mpaka aandike ukurasa mzima wa tovuti kwa mkono wake, kisha ausome kwa sauti mbele ya wenzake, kila alama aliyoifungua aifunge, kama tulivyosomeshwa chuo cha Kurani herufi na irabu zake. Wapita njia bado wanauliza hiki ni chuo cha nini.

Nakuona ulivyokuwa, mwalimu wa hesabu mstaafu, buibui limeteremka mabegani, umeinamia laptopu ya mwanao ukijifunza kitu ambacho hakuna aliyekuomba ujifunze. Chombo chochote kipya cha kutengenezea tovuti kikitoka, wa kwanza kukipakua ni wewe, na bando likikwisha unaazima simu ya jirani bila haya. Kisha unafungua daftari na kuandika maswali yako mawili: kinanisaidia nini, na kinanificha nini? La kwanza tulilijibu haraka. La pili lilitutoa jasho, na wewe ulikuwa hutuachii mpaka tulijibu.

Sasa niseme lile ambalo sikukuomba radhi ipasavyo ulipokuwa hai.

Uliniachia ukurasa wa matangazo ya mji wetu. Misiba, harusi, maji yakikatika, yote yalikuwa humo, na jamaa zetu walioko Maskati walikuwa wakiufungua kabla ya chai. Mimi nikapata chombo kipya chenye violezo vilivyokwisha tengenezwa, nikabonyeza mara tatu, ukurasa ukapendeza kweli kweli, na juu ukakaa utepe mpana wa rangi. Rangi yenyewe siitaji hata humu. Wewe unaijua, na Pemba barua husomwa na wengi. Mimi niliona rangi nzuri tu, basi. Uchaguzi ulikuwa umebaki miezi miwili, na kufikia Ijumaa mji mzima ulikuwa unasema ukurasa wa misiba umeingia chama.

Hukuhitaji kuelezwa maana yake. Wewe uliishi miaka ile watu wa vyama tofauti walipokuwa hawauziani hata chumvi, na wengine hawazikani. Mzee Kombo alikuja akasimama mlangoni, hakuvua hata viatu, akasema, "Mie mjukuu wangu hasomi kwenye tawi la chama." Akaondoka na Riziki wake. Riziki, Mwalimu, yule aliyekuwa akiliona kosa kwenye ukurasa kabla mimi sijavaa miwani. Wiki ile wakatolewa wengine watano. Baada ya uchaguzi hao watano walirudi mmoja mmoja. Riziki hakurudi.

Nilingoja unigombeze. Ulikaa kwenye kompyuta, ukauondoa utepe, kisha ukaondoa kila kilichokuwa na rangi, hata kile kijipicha cha karafuu nilichokipenda. Ukabaki ukurasa mweupe na maandishi meusi. Ukatwambia, "Mwenye msiba haji kutazama rangi. Anakuja kumtafuta mtu wake." Somo likaendelea.

Kumbe jioni ile ulitoka kwa miguu, na lile goti lako bovu, ukaenda nyumba zote sita kusema kosa ni lako. Hukunitaja. Nilikuja kusikia kwenye hitima yako, kutoka kwa mama wa mmoja wao, nikainuka nikaenda uani kulia. Mimi nilikuwa nikidhani watu walinisamehe, na kumbe hawakujua hata kama nimekosa.

Ukurasa ukabaki mweupe mpaka ulipoondoka. Tanzia yako niliiandika mimi mwenyewe, nyeusi juu ya nyeupe. Wanaume wanasimulia kuwa jeneza lako liligombaniwa na watu wa vyama vyote, na Mzee Kombo alikuwamo. Nikapata tamaa kuwa Riziki atarudi. Lakini hitima ilipita, mwezi ukapita, na Riziki yuko nyumbani.

Uchaguzi mwengine unakaribia, nami nimefanya jambo. Nimejifunza njia mpya ya kumpa msomaji achague mwenyewe rangi za ukurasa, na simu yake izikumbuke. Nililifungua daftari lako. Inasaidia nini? Wazee wenye macho mabovu. Inaficha nini? Hapo nilikaa siku nne. Niliogopa inaficha kwamba mimi na jirani yangu hatutazami tena kitu kimoja. Mwisho niliiandika kwa mkono kwenye karatasi, nikaisoma darasani mbele ya watoto wakinisahihisha, ndipo nikaiweka. Ukurasa unafunguka mweupe vile vile kama ulivyouacha. Chini kuna kitufe kimoja tu. Na roho yangu ilikuwa juu, maana nikikosea mara ya pili darasa linalokufa ni lako.

Jumatatu asubuhi aliyeingia ni Mzee Kombo. Safari hii viatu alivua. Mtoto wa jicho amemzidi, anapapasa kuta. Akanipa simu. "Mie nataka kujisomea tanzia mwenyewe. N'mechoka kusomewa na watu."

Nikambonyezea rangi moja moja mbele ya uso wake. Nyeupe inamuumiza. Ya buluu haoni kitu. Iliyofuata ilikuwa ile ya utepe, maandishi ya rangi ile ile juu ya nyeusi, na kidole changu kilitaka kuiruka, Mwalimu, wallahi kilitaka. Nikakumbuka swali lako la pili. Mimi ndiye niliyekuwa naficha. Nikaibonyeza.

Aliivuta simu karibu na jicho. Kisha akaanza kusoma majina ya marehemu, polepole, na kila jina akilirehemu. Akasema, "Iwache hii."

Nikamwambia, "Mzee, hii ndiyo ile."

"Naijua. Macho yangu hayana kadi."

Akauliza kama na wewe umo. Nikaishusha simu mpaka kwenye tanzia yako, akaisoma yote mwenyewe, mpaka mahali pa kuzikwa. Hapo nilishindwa kuvumilia. Nikamwambia kwamba utepe ule niliuweka mimi na wewe hukuwa na habari. Akafuta macho kwa ncha ya kikoi.

"N'likuwa najua," akasema. "Bi Hidaya alikuja kwangu kujitia kosani, na mtu yule hakujua kuongopa. N'limjua pale pale. Lakini n'likuwa na hasira, n'kamwacha arudi na mguu wake ule." Akakishusha kikoi. "Hata maji sikumpa."

Riziki amekuja alasiri ile ile. Amerefuka. Nimemrudisha kwenye karatasi kama mgeni yeyote, akanuna, na nusu saa haijafika alikuwa ameshaliona kosa langu ubaoni.

Mwalimu wangu, mimi sina elimu yako wala subira yako, na vyombo vipya vinatoka kila mwezi, vyengine hata sijui nivikamatie wapi. Nitavijaribu vyote, kama ulivyokuwa ukifanya. Lakini ahadi yangu kwako si hiyo. Kuna siku mmoja wa watoto hawa ataharibu kitu mbele ya mji mzima, kwa kutojua, kama mimi. Siku hiyo nitavaa buibui langu, nitatoka kwa miguu, na kila nyumba nitasema kosa ni langu. Nitajitahidi kuongopa vizuri kuliko wewe.

Mwenyezi Mungu akutilie nuru kaburini, Bi Hidaya wangu. Pumzika.

Mwanafunzi wako,
Zuwena