Njiti ya Mwende na Yule Mwanamke wa Kithyoko

Jumapili, jua linaenda zake. Mawingu yamekaa juu ya Kola, hapa kwetu, tangu asubuhi kama wageni walioahidiwa chakula, na hakuna hata tone. Mwili umechoka na sijashika jembe.

Wale hunisoma hapa mtandaoni wananijua. Mimi ndiye nilivuka Tana nikiwa nimekalia mamba nikidhani ni gogo, nikashuka ng'ambo na viatu vikavu. Mimi ndiye niliongea Kiingereza na yule Mzungu wa kujenga barabara mpaka akaomba tuendelee kwa Kiswahili. Shule niliachia darasa la sita, lakini mdomo uliendelea peke yake mpaka chuo kikuu.

Leo mdomo huo umeniletea kesi.

Mwende ni mtoto wa dada yangu. Dada alifariki Mwende akiwa mdogo, baba hakuwahi kuonekana, nikamlea mimi. Kioko alipotaka kumuoa, mbuzi za ntheo, zile za kuonyesha msichana amechukuliwa kwa heshima, zilifungwa kwa boma langu. Ndiyo maana neno likizuka kwa ndoa yake, kwa desturi yetu Wakamba ninayeitwa ni mimi. Ana watoto wanne. Huyu wa mwisho, Mumo, alikuja na damu nyingi mpaka wauguzi wakaanza kukimbia. Ile siku nilisimama nje ya wodi na sikuwa na la kusema, na wanaonijua wanaelewa hiyo ni kusema nini.

Sasa, majuzi mbaazi zikivunwa nilipita kwa Mama Kioko, mama mkwe wa Mwende. Akina mama wa kanisa walikuwa wameketi kwa magunia wakiambua mbaazi. Wanawake wakiambua mbaazi, mikono iko na kazi lakini masikio yamekaa bure. Mimi ni nani niyaache hivyo?

Nikawapa ile ya Kithyoko.

Nikasema huko Kithyoko nilikutana na mwanamke aliyeshonewa dawa ndani ya mkono, chini ya ngozi, kitu kama kijiti cha kiberiti. Kila boma aliloingia, kuzaa kuliisha. Mbuzi wakaacha kuzaa. Kuku wakalalia mayai mpaka yakawa mawe. Mipapai yote ikawa dume. Nikashika kifua nikaapa kwamba mkono huo niliugusa, na kile kitu kilisonga kama mnyoo. Mama Kioko aliacha kuambua kabisa, ganda liko mkononi. Nilirudi nyumbani nikitembea kama mtu amepewa uchifu.

Hakuna mwanamke. Kithyoko nimefika, ndiyo. Nilikunywa soda nikarudi.

Ile kijiti niliitoa wapi? Sijui. Pengine niliwahi kusikia wanawake wakinong'ona. Hadithi hujiokotea vitu njiani.

Na Jumapili iliyofuata, pasta wetu akahubiri juu ya hadithi za namna hiyo. Akasema hadithi za watu wanaoruka na ungo na kugeuka fisi ni mlango, na shetani hahitaji mlango mkubwa. Akaambia wazazi wakague vitabu vya watoto. Nilikasirika. Tukiwa nje nikaambia watu pasta anaogopa fisi wa karatasi, na hadithi haina meno. Walicheka. Mama Kioko hakucheka.

Katikati ya wiki alikuwa akimsaidia Mwende kujitwika maji. Akamshika mkono wa kushoto, upande wa ndani, juu ya kiwiko. Akasikia kitu kigumu chini ya ngozi.

Kijiti.

Hakupiga kelele. Aliweka mtungi chini taratibu, akaenda kwa pasta.

Mwende alinipigia simu Ijumaa akiwa amejificha nyuma ya zizi, nilikuwa nasikia ng'ombe wakitafuna. "Anko, ni njiti ya kupanga uzazi. Niliwekwa kliniki baada ya Mumo. Daktari alisema mimba nyingine ikija karibu, mwili wangu hautaweza."

Nikamuuliza Kioko anajua. Akasema Kioko hajui.

"Usiseme hiyo, Anko. Sema kitu kingine chochote, wewe unajua kusema. Lakini usiseme hiyo."

Nilimwelewa. Majirani zetu Wakatoliki angalau huhesabu siku. Sisi kwetu hata kuhesabu ni kumpangia Mungu kazi. Pasta husema watu waliambiwa wajaze dunia, na hakuna aliyeambiwa imejaa. Wako wanawake wanaochomwa ile sindano ya kuzuia mimba kimya kimya na wanaimba kwaya, hilo najua, lakini wanaimba mikono ikiwa imefunikwa.

Basi fikiria mahali nilikuwa. Nikishikilia hadithi yangu, Mwende ni mchawi. Nikisema ukweli wake, amemdanganya mume na kanisa. Nikisema nilitunga, mimi ni nani tena hapa Kola?

Usiku wa jana sikupata usingizi.

Leo baada ya ibada tuliketi sebuleni kwa Mama Kioko. Pasta, wazee wawili wa kanisa, Kioko akiangalia viatu vyake. Mumo alikuwa amelala mgongoni kwa nyanya yake. Mwende aliketi karibu na mlango, amevaa sweta ya mikono mirefu na joto lote hili. Chai ikamiminwa na hakuna aliyeigusa. Na pale mezani, kando ya vikombe, palikuwa na wembe mpya, bado kwa karatasi yake.

Niliona huo wembe kabla sijaona watu.

Tukaomba. Halafu Mama Kioko akanigeukia. "Baba Syombua, ile uliongea hapa ukishika kifua, iongee tena pasta asikie."

Nikasema niliitunga.

Akatabasamu kidogo, ile ya mtu anasikitikia mgonjwa. "Tangu nikujue hujawahi kutunga kitu. Hata ile ya mamba uliapa."

"Ile ya mamba pia."

"Sasa ndio unadanganya," mzee mmoja akasema. "Ulisema ulimshika mkono yule mwanamke. Ulisema kilisonga kama mnyoo." Walinirudishia maneno yangu moja moja, yamepangwa vizuri kuliko nilivyoyapanga mimi. Miaka yote nimesema uongo nikaaminiwa, na siku moja nasema ukweli, naambiwa nina huruma ya mjomba.

Pasta akanitazama. "Nilisema hadithi ni mlango. Haya, Mzee. Ndani ya mkono wa huyu msichana kuna nini?"

Mama Kioko akasema yeye hataki vita. Itolewe hapo hapo tuombe, ama niende na mtoto wangu na nilete mbuzi zao. Mkono wake ulikuwa mezani, si mbali na ule wembe. Kioko bado viatu.

Basi nikafanya ninachojua. Nikasema, nyinyi mnaogopa mwiba? Mwende akiwa mdogo alianguka kwa mgunga wa kwangu, mwiba ukavunjikia ndani ya mkono, na daktari akasema uachwe, utakaa kama mgeni mwema. Nikaona pasta anaegemea kiti. Mabega ya Mama Kioko yakashuka. Wale wazee wakaanza kuitikia "mm, mm". Naamini sijawahi kusimulia vizuri hivyo maishani. Nilikuwa nimefika pale kwa hadithi punda wangu anakimbia mwenyewe kumwita daktari.

"Anko, wacha."

Ni Mwende. Alikuwa amesimama.

"Ukiniokoa na hiyo, kesho mtu atanipasua atafute mwiba."

Akavuta mkono wa sweta mpaka begani. Sauti yake ilikaa sawa. "Ni njiti ya kupanga uzazi. Iliwekwa na daktari, si mganga. Mama, wale watoto wanne uliwaosha wewe. Siku ya Mumo uliniosha mimi pia. Uliona damu."

Mama Kioko aligeukia meza. Aliuchukua ule wembe, akauangalia kama hakumbuki aliuweka nani, akauingiza chini ya sahani ya mkate.

Pasta akauangalia ule mkono. Akasema, "Hiyo si uchawi." Nikapumua. Halafu akaongeza, "Lakini si jambo la mwanamke kuamua peke yake, amemficha mume na amemficha Mungu."

"Mungu sikumficha, Pasta," Mwende akasema. "Tulikuwa naye kliniki."

Kioko akainuka, akatoka. Tukamsikia nje akifungua ng'ombe na kumfunga tena palepale.

Nilikuja na Mwende kwangu. Mumo alibaki amelala huko mgongoni. Njia nzima hatukuongea, na mimi njia hiyo hata peke yangu huwa naongea.

Nilikuwa nimeanza kuandika haya Kioko akatokea kwa lango, amembeba Mumo, wote wawili mavumbi. "Amekataa uji," akasema. Ndiyo salamu hiyo.

Mwende akamchukua mtoto. Kioko akasimama, akaketi kwa benchi, akasonga karibu. Akamwambia amwonyeshe. Akaweka kidole gumba juu ya ile kitu, polepole, kama mtu anaangalia kama parachichi limeiva.

"Inauma?"

"Haiumi."

"Ulienda peke yako?"

"Ungekubali?"

Mumo alinyonya, tukamsikiliza. Baadaye Kioko akasema kesho waende kliniki pamoja, daktari amwambie na yeye.

"Akikuambia utasikia?"

"Nitasikia. Kukubali sijasema."

Mwende akaitikia kwa kichwa. Atalala hapa na mtoto, wakutane asubuhi barabarani. Sijui daktari atasema nini, wala Kioko atarudi na mke ama atarudi na maneno. Nimezoea kujua mwisho kabla ya wengine, na huu siujui.

Akiondoka Kioko alinivuta kando. "Anko, Mama anauliza. Yule mwanamke wa Kithyoko aliishia wapi?"

Nikamwambia hakuna mwanamke.

"Mimi najua. Lakini Mama anaogopa. Ameanza kuangalia mipapai."

Amekwenda. Nimebaki hapa na simu, na miisho mizuri inanijia yenyewe. Mto ulimbeba. Radi ilimpiga mkono pekee. Aliokoka, akatapika ile dawa, na mbuzi wa lokesheni nzima wakazaa mapacha. Huo wa mwisho Mama Kioko angeupenda sana, na angelala.

Sitautumia. Kesho wale wakienda kliniki nitaenda kwake, niketi pale niliketi siku ya mbaazi, nimwambie hakuna mwanamke, hakukuwa na mkono, nilikunywa soda nikarudi. Atasema nadanganya. Nitarudia.

Lakini nitasema kwa sauti gani? Ile ya kushika kifua nilishaitumia.