Pasi ya Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Mei 1992
Mama mkwe kafua tena kabla sijaamka. Zuhura ana siku tisa na bado sijagusa hata nepi yake moja. Nguo zikikauka anaziingiza chumbani kwake na kufunga mlango. Saa nzima. Sipendi.

Jumatano, 6 Mei
Nimemuuliza. "Napiga pasi, mukazana. Nguo ya mtoto iko lazima pasi." Mukazana kwa lugha yao ni mke wa mwana. Kwetu Tanga pasi ni ya kanzu ya Idi. Nani hupiga pasi nepi? Na kishati cha njano cha Zuhura hakionekani. Alitaka mjukuu wa kiume, nilimsikia kwa masikio yangu. Saidi anasema namsingizia mama yake. Mume gani huyu.

Ijumaa, 8 Mei
Nimechukua beseni. Kuanzia leo nafua mwenyewe. Mama mkwe kasema neno moja tu: pasi. Nikajifanya sikusikia. Nimeanika nyuma ya nyumba, kivulini, chini ya parachichi, asizione. Zikikauka namvika mtoto hivyo hivyo. Nimefurahi sana.

Jumanne, 19 Mei
Zuhura ana vijipu. Vitatu mgongoni, kimoja pajani, kila kimoja na kitobo katikati. Halali, hanyonyi vizuri. Nimemwambia Saidi mama yake amemfanyia mtoto kitu. Nimesema kwa sauti, mlango wazi. Makusudi.

Jumatano, 20 Mei
Mama mkwe kaingia na kopo la vaselini, bila hodi. Akapaka, akangoja, akaminya taratibu. Funza. Wanne, weupe, wanene.

Huku kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi, hasa kivulini. Joto la pasi ndilo linaloyaua. Kila mtu hapa mtaani Nyamirambo anajua. Mimi niliambiwa, nikaziba masikio.

Baadaye nimempelekea kopo lake. Pasi ya mkaa iko karibu na dirisha. Mlango ukiachwa wazi, upepo unarusha majivu juu ya nguo. Na kishati cha njano kipo kitandani kwake. Kilikuwa kinambana Zuhura kwapani, anakiongeza kitambaa. Jana alinisikia, najua. Nimeona aibu, nikashindwa kula.

Ijumaa, 22 Mei
Zuhura kalala vizuri.

Mchana nimebeba nguo zote mpaka chumbani kwa mama mkwe, nikasimama na beseni. Kasogea kwenye mkeka, nikakaa. Tumepiga pasi mbele na nyuma, mishono mara mbili. Mlango nimeufunga mimi.