Mistari Mitatu Niliyoifuta

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa, na kwamba zile dawa mpya hazikusumbui tumbo kama za mwanzo. Mimi ni mzima. Nalala vizuri, nakula vizuri, na shangazi akikuuliza mwambie nimenenepa, maana ndilo swali lake la kwanza siku zote.

Barua yako niliipata Jumatatu. Kurasa mbili, na zote ni za kaka. Kwamba amerudi nyumbani na sanduku moja, anashinda chumbani mlango umefungwa, na amekuapia hakukosea chochote kwenye ile kazi. Unaniomba niende kwa mkurugenzi nikamwombee arudishwe, kwa kuwa sasa mimi ndiye ninayekalia kiti chake. Nitakujibu, Mama. Ila acha kwanza nikueleze tangu mwanzo, maana ulichosikia ni upande mmoja.

Unajua tulikuwa wote uwanja wa ndege, idara ya mtandao, kaka akiwa msimamizi wangu. Umewahi kuniuliza mtandao ni kitu gani hasa, nikakujibu juujuu. Leo sina haraka. Fikiria nyumba kubwa ya kupanga yenye korido moja. Wapangaji wako kumi na watano: kaunta za tiketi, mikanda ya mizigo, kamera za walinzi, maduka, na wengineo. Wote wanapita korido ile ile, lakini hakuna anayemwona mwenzake. Kila mmoja anadhani njia ni yake peke yake. Kuta zinazowatenganisha si za matofali. Ni maagizo tu, yameandikwa ndani ya vyombo vinavyoitwa swichi, na sisi tuna swichi themanini na sita, kila moja kwenye kabati lake la chuma. Zamani akija mpangaji mpya, mafundi wawili walizunguka na kompyuta kabati kwa kabati, wakiandika maagizo yale yale kwa mkono. Wiki tatu nzima. Na wakikosea namba moja, mizigo inaanza kuongea na kamera.

Mimi niliandika programu ya kuifanya kazi hiyo. Ilinichukua miezi kumi na moja. Unajaza jedwali moja tu: jina la mpangaji, namba yake, swichi anazotumia. Unabonyeza, na programu inapita yenyewe swichi zote inajenga kuta. Dakika nne. Siku ilipokubali kwa mara ya kwanza nilikuwa peke yangu kwenye chumba cha mitambo, kile chenye baridi kama friji, nikacheka kwa sauti kama mwehu.

Kaka ndiye niliyemwonyesha kwanza. Alinipiga begani akasema nimemheshimisha. Wiki mbili baadaye akaitisha kikao na wakuu, akaniambia nije nishughulikie projekta. Nimesimama nyuma na waya mkononi, namsikia anasema, "Programu hii nimeiandika mwenyewe, kwa kujinyima mengi." Mkurugenzi, mama mmoja mkavu asiyecheka ovyo, akauliza mimi ni nani. Kaka hakugeuka hata shingo. "Huyo ni mdogo wangu," akasema. "Ananisaidia kuchapa."

Watu wakapiga makofi. Mimi nikakunja waya.

Nilimfuata kwenye ngazi. Hakukana, Mama, hilo ndilo lililonichoma zaidi. Alisema jina la ukoo wetu ni moja, la marehemu baba, sasa kuna tofauti gani likisomwa lake au langu. Mwezi uliofuata akapanda cheo, akapewa ofisi yenye dirisha. Mimi akanihamishia stoo nikabandike lebo kwenye waya, eti nipumzike. Nikakupigia simu nalia. Ukaniambia, "Mwachie tu kaka yako, ana mke na watoto, wewe bado una muda." Kisha ukaniuliza kama huku mvua imenyesha.

Tangu siku hiyo sijalia.

Ikaja kampuni mpya ya ndege, inatakiwa iingizwe kwenye mtandao. Kaka akataka kuwaonyesha wakuu kwa macho yao, asubuhi, uwanja umejaa watu. Siku moja kabla alishuka stoo na kikombe chake cha kahawa, akaniuliza mambo mawili matatu kuhusu jedwali, kama mtu anayeulizia saa. Nikamjibu. Akaenda zake anapiga mluzi.

Saa tatu na nusu asubuhi alibonyeza mbele ya watu sita wenye suti. Baada ya dakika nne kampuni mpya ilikuwa imeingia. Na wapangaji wengine wote kumi na watano walikuwa wamefutika.

Stoo iko chini ya ukumbi wa mizigo. Ile mikanda inanguruma juu ya kichwa siku nzima mpaka unaisahau. Asubuhi ile ilinyamaza. Nikajua. Nikamimina chai. Simu ya stoo ililia mara tisa, nikawa naitazama tu. Juu, kaunta zilikuwa zimekufa, foleni imetoka mpaka nje kwenye maegesho, watoto wanalia, wahudumu wanaandika tiketi kwa kalamu. Nilikaa dakika hamsini. Ndipo nikapanda, nakala ya jedwali zima ikiwa mfukoni mwangu.

Nilimkuta kaka shati limemganda mgongoni. Mkurugenzi alikuwa anamwambia kwa sauti ya chini kabisa, "Si uliandika wewe? Irudishe." Naye anapekua mistari ya programu kama mtu anayetafuta funguo kwenye koti la mwenzake. Nikaomba kiti. Dakika nne, na mikanda ikaanza kunguruma. Mkurugenzi hakuniuliza lolote. Alimgeukia kaka, akaweka kidole kwenye kioo cha kompyuta, akamwambia aeleze mstari ule unafanya kazi gani. Kaka akanitazama. Nilimwona jinsi alivyokuwa ananiomba kwa macho. Nami nikamtazama vilevile mpaka akainamisha kichwa. Jioni yake alikuwa ameshakabidhi kitambulisho.

Sasa, Mama, kaa vizuri. Kaka anakuapia kwamba hakukosea. Ni kweli. Hakukosea.

Programu yangu inaliamini jedwali kama lilivyo: asiyeandikwa humo, inamfuta. Kwa sababu hiyo mwanzoni niliweka mistari mitatu ya tahadhari. Ikitaka kumfuta mpangaji aliye hai, isimame, iulize, mtu ajibu. Siku ya tatu baada ya kupelekwa stoo niliingia kwa nywila yangu ya zamani, ambayo kaka hakuwahi kuifunga kwa kuwa hajui inafungwaje, nikaifuta mistari hiyo mitatu. Na siku ile aliposhuka na kahawa yake, alichoniuliza ni hiki: aandike nini kwenye jedwali? Nikamwambia kwa upole kabisa, "Andika hiyo kampuni mpya peke yake. Hao wengine programu inawajua." Akanishukuru. Akasema kumbe sina kinyongo. Na mbele ya mkurugenzi hakuweza kusema ni mimi niliyemwelekeza, maana angekuwa anakiri programu si yake.

Kitu kimoja kinaniuma. Kulikuwa na mzee mmoja ukumbini, amekumbatia bahasha ya hospitali, alikuwa anasafiri kupasuliwa jicho, na ndege ilimwacha. Nilimhangaikia mpaka akapata nafasi ya kesho yake. Akaniita mwanangu, akaniombea dua ndefu, nami nikashindwa kumtazama. Huyo namfikiria kila siku. Kwa kaka nimejichunguza mpaka nimechoka, na sijakuta majuto.

Kuhusu ombi lako: siendi kwa mkurugenzi. Lakini barua hii ni mwandiko wangu, na anwani ya ofisi yake nimeiandika kwenye karatasi ndogo humu ndani, pamoja na stempu. Ikimfikia, mimi nitatolewa siku hiyo hiyo, pengine na polisi, na kaka atasafishwa. Ukiichoma, mimi nitabaki na kazi yangu, naye atabaki chumbani akiapa hakukosea, asijue kilichomwangusha. Hakuna atakayejua ila wewe. Maisha yote umekuwa ukichagua kati yetu huku ukisema huchagui. Mara hii utachagua ukijua, na mimi nitajua umechagua nani.

Nisalimie shangazi na majirani wa upande wa kisimani. Dawa unywe baada ya chakula, si kabla. Kaka msalimie pia, au usimsalimie, kadiri utakavyoamua.

Ni mimi,
binti yako, aliyeandika ile programu