Sauti ya Mjomba Chande

Dada Somoe, shikamoo. Huku Mtwara mvua inanyesha tangu asubuhi. Mtaani Rahaleo nimemkuta Mjomba Chande, yule aliyekuwa akitutafsiria filamu kwenye banda la video. Ugonjwa wa koo umemwondolea sauti. Akanionyesha kwenye simu yule mwigizaji wa Kimarekani tuliyempenda: mzee sasa, kaacha filamu, kasimama barabarani anadai vita vikome. Mjomba akaandika kwenye daftari, "Leo nitafsirie wewe." Nikaanza, machozi yakanitoka. Akaandika tena, "Usimlize mwigizaji wetu. Mimi bandani sikumliza hata siku moja." Nikajifuta, nikatafsiri upya kwa ukali ule ule ambao Mjomba alikuwa akimpa zamani.

Nibusie watoto. Na ukimwombea mjomba dua, dada, omba kwa sauti.

Mdogo wako,
Hadija